Swali la Haki: Kutunga Chemsha Bongo kwa Washiriki wa Mataifa Mbalimbali

Samsoni alipofanya karamu ya harusi kule Timna, aliwategea vijana thelathini wa Kifilisti kitendawili. Dau lilikuwa nono: mavazi thelathini ya kitani na mavazi mengine thelathini ya sikukuu, na muda wa kujibu ni siku saba za karamu. Wengi tunaikumbuka habari hiyo ya Waamuzi sura ya 14 kwa sababu ya simba na asali, lakini mtunga maswali ana sababu ya kuisoma kwa jicho jingine. Jibu lilikuwa ndani ya mzoga mmoja kando ya njia, na hakuna aliyejua habari zake isipokuwa Samsoni peke yake. Hata wazazi wake walioila asali ile hawakuambiwa imetoka wapi. Vijana wale wangekuwa na elimu yote ya Mashariki bado wasingejibu. Basi wakatafuta njia ya mkato: wakamtisha mke wa Samsoni, jibu likavuja, na mwisho watu thelathini wa Ashkeloni wakauawa ili deni la nguo lilipwe.

Sura mbili nyuma, katika Waamuzi 12, kuna swali baya zaidi. Wagileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitoa ile sauti ya mwanzo, wakasema Sibolethi. Andiko linasema walikufa 42,000. Swali lile lilikuwa na sura ya kupima ulimi, kumbe linapima mtu amezaliwa ng'ambo ipi ya mto.

Ninayaanzisha haya kwa sababu chemsha bongo imekuwa jambo la kawaida katika parokia zetu. Siku ya somo wa parokia, siku ya VIWAWA, kongamano la TYCS, Utoto Mtakatifu wakati wa likizo, hata WAWATA na UWAKA sasa wanashindana. Na katika mitaa kama Mwenge, Sinza na Kinondoni, au upande wa Temeke, wanaokaa kwenye viti vya washiriki si Watanzania peke yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko jirani, na kina wanafunzi kutoka nje. Kuna masista wa mashirika ya kimataifa waliotumwa kutoka Kongo, Kenya, India au Poland. Kuna mafrateri wa mashirika wanaoletwa Tanzania kwa masomo, na kuna familia za Kirundi na Kikongo ambazo zimekaa jijini miaka mingi. Wanasali jumuiya moja na sisi. Tunapowaita jukwaani, tukawauliza maswali kumi, na matano kati ya hayo yakawa yanahitaji mtu awe amesoma darasa la nne Tanzania, tumefanya nini? Tumewaketisha mbele ya waamini wenzao waonekane hawajui kitu. Mgeni haondoki na hasira, maana ni mtu wa adabu. Ila mwakani ukimwalika atakuambia ana udhuru.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kuwa haki ni fadhila ya kumpa kila mtu kilicho chake. Katika mashindano, kilicho cha mshiriki ni nafasi ya kweli ya kujibu. Hakudai swali rahisi. Anadai swali ambalo akishindwa, ameshindwa kwa kutojua jambo ambalo angeweza kulijua.

Kitendawili cha wazee wetu

Kabla ya kwenda mbali, tuangalie mchezo tuliokua nao. Mtegaji husema "Kitendawili!", wenzake huitikia "Tega!", na wakishindwa humpa mji. Kanuni ya haki imo ndani yake hata kama hakuna aliyeiandika. Nyumba yangu haina mlango: jibu ni yai. Kitendawili hiki unaweza kukipeleka Bukoba, Kisangani, Kerala au Krakow, na mtu akakifikia kwa kufikiri, kwa sababu yai liko kila mahali na kila mtu amelishika. Sasa chukua kile cha kuku aliyetagia miibani, yaani nanasi. Kwa mtoto wa Geita au wa Kiwangwa, nanasi ni kitu cha shambani, ameona linavyochomoza katikati ya majani yenye miiba. Mtu aliyekulia Ulaya amelijua nanasi likiwa vipande ndani ya kopo. Anajua utamu wake, ila hajawahi kuona linavyoota. Jibu analo, njia ya kulifikia hana.

Hapo ndipo penye tofauti inayowapita watunga maswali wengi. Wanajiuliza, "Je, mgeni anajua jibu?" Swali la kujiuliza ni, "Je, mgeni ana njia ya kulifikia?" Njia inaweza kuwa masomo ya shule, habari za dunia, Maandiko, liturujia, au akili ya kuunganisha vidokezo. Ikiwa njia pekee ni kuzaliwa hapa, hiyo ni Shibolethi.

Maswali yenye majibu mawili ya kweli

Aina ya dhuluma inayotokea mara nyingi zaidi, nayo hufanyika bila nia mbaya, ni swali ambalo mtunzi anadhani lina jibu moja kumbe yana mawili kulingana na mahali mtu aliposoma. Mifano ni mingi na inafaa tuitazame kwa makini, kwa kuwa hapa mwamuzi humnyima mtu pointi aliyoistahili.

"Bilioni moja ina sifuri ngapi?" Kwetu ni tisa. Kongo na Burundi watu husoma kwa Kifaransa, na katika Kifaransa namba yenye sifuri tisa huitwa milliard, wakati billion ina sifuri kumi na mbili. Sista aliyesoma hesabu Bukavu akijibu kumi na mbili, amejibu sawasawa na alivyofundishwa. Vilevile ukiandika kwenye ubao kwamba Kilimanjaro ina meta 5,895, macho yaliyozoea Kifaransa huiona alama ile kuwa ya desimali. Ni meta tano na kitu. (Na hiyo 5,895 yenyewe ina wenzake: upimaji wa satelaiti wa mwaka 2008 ulipata karibu meta 5,892. Swali la namba kama hizi liruhusu tofauti kidogo, au lisiulizwe.)

"Dunia ina mabara mangapi?" Shuleni Tanzania ni saba. Amerika ya Kilatini watoto hufundishwa kuwa Amerika ni bara moja, na zile duara tano za Olimpiki zinafuata hesabu ya namna hiyo. Mmisionari kutoka Meksiko akikuambia sita au tano, usimcheke.

"Tanzania ilipata uhuru mwaka gani?" Mtanzania atajibu 1961 bila kufikiri. Mgeni makini atasita, na kusita kwake ni dalili ya kujua zaidi: mwaka 1961 ni Tanganyika, tarehe 9 Desemba, Zanzibar ilipata uhuru 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, Muungano ukawa 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika baadaye mwaka huohuo. Swali linamwadhibu anayejua. Sema Tanganyika, na tatizo limekwisha.

"Ziwa lililo kati ya Tanzania na Malawi linaitwaje?" Sisi tunasema Nyasa. Mmalawi atasema Ziwa Malawi, na jambo hilo lina historia ya mvutano wa mpaka kati ya serikali zetu mbili. Chemsha bongo ya parokia haina mamlaka ya kuamua mpaka wa ziwa. Kubali majina yote mawili, tena yaandike yote mawili kwenye karatasi ya majibu kabla ya mashindano, ili mwamuzi asije kuamua akiwa amezungukwa na kelele za mashabiki.

"Baba wa Taifa ni nani?" Wa taifa lipi?

Kuna pia saa. Kwenye Ikweta jua hutua karibu saa kumi na mbili, tunasema sisi. Mzambia anayejifunza Kiswahili atatafsiri kutoka Kiingereza aseme saa sita jioni, na ukumbi utaangua kicheko. Ameijua sayansi yote ya swali, ameteleza kwenye lugha tu. Mwamuzi amwombe aonyeshe kwa mkono mahali jua linapokuwa, au aseme ni saa ngapi kwa kuhesabu tangu usiku wa manane. Isichukue sekunde tano.

Na sisi wa Kanisa

Mtu anaweza kudhani kwamba tukibaki kwenye maswali ya dini tutakuwa salama, maana imani ni moja. Si hivyo. Katika dini mitego ni mingi zaidi, kwa kuwa tunajiamini zaidi.

Amri ya sita inasemaje? Mkatoliki: usizini. Mlutheri naye atasema hivyohivyo, maana Luther alibaki na hesabu iliyotokana na Mtakatifu Agostino. Lakini Mwanglikana, Mpentekoste na Mwothodoksi watasema usiue, kwa kuwa wanaigawa sehemu ya mwanzo ya Amri Kumi kwa namna nyingine. Mashindano yakiwa ya kiekumene, na siku hizi ya namna hiyo yapo, swali hili halifai bila kutaja hesabu ya nani. Hesabu ya vitabu vya Biblia ni kisa hichohicho: 73 kwetu, 66 kwa Waprotestanti, na Waothodoksi wa Ethiopia wana 81. Zaburi ya mchungaji ni ya 23 kwa hesabu ya Kiebrania na ya 22 kwa hesabu ya Vulgata, ambayo mapadre wazee bado wanayo kichwani.

Hata kati ya Wakatoliki watupu kuna mambo. "Tendo la toba hufanyika wakati gani katika Misa?" Frateri wa Segerea atajibu mara moja: mwanzoni, kabla ya Utukufu. Muulize Mkongo aliyelelewa katika liturujia ya kwao. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa mwaka 1988, inaweka tendo la toba baada ya Neno la Mungu kusomwa, kuhubiriwa na kukiriwa, na amani hutakiana hapohapo. Watu wameshasikia Neno, ndipo wanaomba msamaha. Jibu la Mkongo ni la kweli kwa Misa anayoijua tangu utotoni, tena lina teolojia ndani yake. Binafsi naona swali hili ni zuri mno kutupwa. Lirekebishwe: "Katika Misa ya matumizi ya Zaire, ni tendo gani linalokuja baada ya mahubiri na Kanuni ya Imani, wakati kwetu liko mwanzoni?" Sasa Mtanzania anayeijua Misa yake anaweza kulifikia kwa kufikiri, na Mkongo analijua moja kwa moja.

Mashahidi wa Uganda ni wangapi? Waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964 ni 22. Waganda wengi watataja 45, kwa sababu wanawahesabu na Waanglikana 23 waliouawa katika dhuluma ileile ya Kabaka Mwanga. Wengine watakumbuka makatekista Daudi Okello na Jildo Irwa, waliouawa Paimol mwaka 1918 na kutangazwa wenyeheri mwaka 2002. Neno "Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964" linaokoa swali zima.

Na hapa nyumbani: "Kardinali Rugambwa alizaliwa wapi?" Kwa miaka mingi swali hili lilikuwa na mtu mmoja tu. Tangu 30 Septemba 2023 lina wawili. Laurean Rugambwa alifanywa kardinali na Papa Yohane XXIII mwezi Machi 1960. Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora, alizaliwa Bunena, Bukoba, mwezi Mei mwaka huohuo wa 1960. Wote wa Kagera. Mtunzi aliyetoa swali hili kwenye daftari la zamani bila kulisoma tena amewategea mtego hata Watanzania.

Ukiuliza pia "Kardinali wa kwanza wa Afrika ni nani?" jiandae kwa Mmsumbiji. Askofu Mkuu wa Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, Teodósio de Gouveia, alifanywa kardinali mwaka 1946. Alikuwa Mreno, kwa hiyo swali likisema "Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati zetu kuwa kardinali", jibu ni Laurean Rugambwa na hakuna ubishi. Likisema "wa Afrika" tu, Mmsumbiji ana hoja.

Maswali yanayochacha

Kuna maswali yaliyokuwa ya haki yakaharibika kwa kukaa. Mji mkuu wa Burundi ulikuwa Bujumbura. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2019 ni Gitega, na Bujumbura ukabaki mji wa biashara. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza upya mwaka 2000 ikiwa na nchi tatu, Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. Vitabu vya shule vya miaka tofauti vina majibu tofauti, na mshiriki hana kosa kwa umri wa kitabu chake. Andika tarehe ndani ya swali. Na anayenakili maswali ya zamani akumbuke kisa cha Fred Worth, Mmarekani aliyetunga ensaiklopedia ya mambo madogomadogo. Humo aliweka kwa makusudi habari ya uongo, kwamba mpelelezi Columbo wa kwenye televisheni anaitwa Philip. Watengenezaji wa mchezo wa Trivial Pursuit wakalitumia jina hilo kama swali. Worth akawashitaki mwaka 1984, akashindwa mahakamani, lakini kila mtu akawa amejua swali lile lilitoka wapi. Jibu lihakikishwe sehemu mbili zisizonakiliana.

Je, tuulize mambo ya dunia tu?

Baadhi ya waandaaji, wakishaonywa kuhusu maswali ya kienyeji, hukimbilia upande wa pili. Wanafuta Nyerere, wanafuta Bagamoyo, wanaweka Shakespeare, mnara wa Eiffel, Ligi Kuu ya Uingereza na filamu za Marekani, wakisema haya ni ya kimataifa. Sikubaliani nao. Hayo ni ya kienyeji pia, ila ni ya kienyeji kwa wenyeji wenye redio kubwa. Frateri kutoka Kerala na sista kutoka Goma wote wako mbali na Stratford. Ukiwapa swali hilo umewasawazisha kwa kuwaweka wote ugenini.

Mashindano makubwa yamelazimika kulishughulikia jambo hili. Mashindano ya Dunia ya chemsha bongo, yaliyoanza mwaka 2003, hufanyika siku moja katika nchi nyingi kwa maswali yaleyale, na watungaji hutoka nchi mbalimbali ili uzito usilalie upande mmoja. Karibu na kwetu, wengi wanakumbuka Celtel Africa Challenge ya mwaka 2007, iliyoitwa baadaye Zain Africa Challenge, na Mkenya John Sibi-Okumu akiwa mwulizaji. Ilikutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, na ilionyesha kwamba Afrika yenyewe inatosha kuwa uwanja wa maarifa: mito yake, waandishi wake, sayansi yake, watawala wake wa kale.

Kwa parokia ya Mwenge pendekezo langu ni hili. Mwenyeji asijifiche. Maswali machache ya Tanzania yawepo, na washiriki waambiwe wiki mbili kabla ni ya eneo gani: mathebu, historia ya uinjilishaji wa pwani tangu Bagamoyo 1868, ziara ya Papa Yohane Paulo II ya Septemba 1990, chochote kile. Anayetangaziwa ana muda wa kusoma, na Samsoni hakuwatangazia Wafilisti chochote. Kisha kila nchi iliyo na mshiriki ipewe maswali yanayoigusa, kwa hesabu ileile. Kama kuna swali la Laurean Rugambwa, liwepo la Mwenyeheri Anuarite wa Kongo, aliyetangazwa na Yohane Paulo II Kinshasa mwaka 1985, au la Floribert Bwana Chui wa Goma, mtumishi wa forodha aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa kupitisha chakula kilichoharibika, na aliyetangazwa mwenyeheri Juni 2025. Vijana wetu wengi hawamjui huyu wa mwisho, na mji wake uko ng'ambo tu ya Rwanda. Kutomjua kwetu kuwe na bei sawa na kutomjua kwa mgeni Rugambwa.

Lugha nayo ina haki yake. Mtu anayemjua Augustin wa Hippo asikosolewe kwa kutosema Agostino, na anayejua Portugal asipoteze pointi kwa kuwa hakujua sisi tunaiita Ureno. Swali lisomwe mara mbili, polepole, na kama ukumbi una wageni wasio na Kiswahili cha kutosha, lionekane limeandikwa.

Kupanga vidokezo

Tuchukue jina la mahali petu lenyewe. Mtunzi mvivu ataandika: "Nani alipandisha Mwenge wa Uhuru Kilimanjaro?" Jibu ni Luteni Alexander Nyirenda, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Mtoto wa shule wa Tanzania analijua kama anavyojua Salamu Maria. Mgeni hawezi kulifikia kwa njia yoyote, na hata akilisikia halitamfundisha kitu zaidi ya jina.

Sasa tulipange liwe na ngazi, kutoka kidokezo kigumu hadi chepesi, na mshiriki anaruhusiwa kubonyeza kengele wakati wowote: "Mwaka 1961 Luteni Nyirenda alipanda mahali hapa akiwa na mwenge. Miaka miwili kabla, Julius Nyerere alikuwa amezungumzia kuwasha mwanga hapa utakaoonekana ng'ambo ya mipaka. Kuna theluji karibu na Ikweta. Ni kilele cha mlima mrefu kuliko yote barani Afrika. Taja mlima huo." Anayejua historia yetu atabonyeza mapema na kuvuna pointi nyingi. Mgeni atasubiri, atapata pointi chache, lakini ataondoka na habari ya mwenge na Nyirenda. Maarifa ya mwenyeji yamelipwa na mgeni hakufungiwa mlango.

Baada ya mashindano, hesabu kidogo zitatuonyesha swali lipi lilikuwa Shibolethi. Tuseme washiriki walikuwa ishirini, kumi na wawili Watanzania na wanane kutoka nje. Swali ambalo Watanzania kumi na mmoja walipata na mgeni mmoja tu, liwekewe alama. Lakini usilihukumu papo hapo, huenda wageni wale walikuwa dhaifu kwa jumla. Walinganishe waliopata jumla zinazokaribiana: mgeni mwenye alama 70 na Mtanzania mwenye alama 70. Ikiwa watu hao wanatoshana katika maswali mengine yote, kisha swali moja linawatenga kwa uraia, basi swali hilo linapima pasipoti. Kazi hii inachukua jioni moja na karatasi ya mistari.

Pingamizi lipewe nafasi. Katika Chuo Kikuu cha Paris karne ya 13 kulikuwa na midahalo iliyoitwa quodlibet, wakati wa Majilio na wa Kwaresima, ambapo mwalimu alikubali kuulizwa jambo lolote na mtu yeyote. Tomaso wa Akwino alifanya midahalo hiyo, na wanafunzi waliomzunguka walitoka pande nyingi za Ulaya. Hoja za upinzani zilisikilizwa kwanza, ndipo mwalimu akatoa uamuzi wake siku nyingine. Sisi hatuwezi kungoja siku nyingine, kuku wa zawadi wamefungwa miguu nje. Lakini dakika mbili zinatosha kwa mshiriki kusema, "Padre, kwetu tunahesabu hivi," na kwa mwamuzi kuuliza, kuangalia kitabu, na kurudisha pointi.

Mfano wa mwisho nimeutoa kwenye soko la vinyago la Mwenge, hatua chache kutoka barabarani. Mafundi pale wanachonga mpingo, mti mzito na mweusi wa mikoa ya kusini, na wengi wao wamerithi kazi hiyo kwa Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma. Mpingo huohuo husafirishwa Ulaya kutengenezewa ala za muziki. Swali: "Mti ambao mafundi wa Mwenge huuchongea vinyago hutumika Ulaya kutengeneza ala gani ya kupuliza?" Mtanzania anaujua mti lakini itambidi afikiri kuhusu bendi na okestra. Mpolandi aliyewahi kushika klarineti anaijua ala, lakini hakuwahi kujiuliza ule mti mweusi ulikatwa wapi. Kila mmoja ana nusu. Kwenye karatasi ya mwamuzi ziandikwe zote: klarineti, obo, na zile zumari za mfuko za Waskoti. Mshiriki akisema "filimbi" peke yake, mwamuzi amwombe aeleze ni filimbi ya namna gani kabla ya kugonga kengele.